Safari Hulipwa Kabla ya Kuondoka

Ukimwuliza mtu wa shamba kwa nini hajapata kuvuka mpaka wa nchi yake, atakujibu upesi kwamba safari za nchi za nje ni za wenye mali. Sibishani naye kwamba safari ni gharama. Lakini nimekaa Pemba maisha yangu yote, upande wa Wete, nami nimeona wasafiri wa namna mbili. Wapo waliokwenda na kurudi, na nyumba zao zikabaki kama walivyoziacha. Wapo pia waliotoka kwa shangwe, kisha safari yao ikaendelea kulipwa miaka minne au mitano baada ya wao kurudi, tena kwa karafuu za watoto wao. Na ajabu ni hii, kwamba mara nyingi huyu wa pili alikuwa na mikarafuu mingi kuliko yule wa kwanza.

Ndiyo maana nimeona vema kuwaandikia habari za safari yetu ya Namugongo, Uganda, ya mwaka 1919 ukiongeza miaka mia, yaani 2019. Tulikwenda wawili, mama yangu mzazi na mimi. Tulijiandaa miaka mitatu na zaidi kwa safari ya majuma mawili. Mtu anaweza kucheka, lakini asome kwanza.

NIA YA MAMA

Babu yangu alikuja Pemba kutoka Unyamwezi zamani za Waingereza, kuchuma karafuu, kama walivyokuja wengi wa Bara wakati ule. Hakurudi kwao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba kwa vipande vya eka tatu tatu, na baba yangu akapata kipande chake. Humo ndimo ilimo mikarafuu yetu, nayo si mingi. Sisi Wakatoliki katika kisiwa hiki ni wachache, twaishi na ndugu zetu Waislamu, tukizikana na kualikana harusini.

Mwezi wa Novemba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alifika Uganda, na tarehe 28 akaadhimisha Misa Namugongo. Mama alisikiliza habari hizo redioni. Siku ile hakusema neno. Usiku, tulipokwisha kula, akasema, “Mwanangu, kabla sijafa nataka nipaone mahali pale walipochomwa wale vijana.”

Wasomaji wengi wanaijua habari ya Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki katika Mashahidi hao ni 22, nao walitangazwa watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Kila mwaka tarehe 3 Juni watu hufika pale kwa maelfu mengi, na wengine huja kwa miguu kutoka nchi jirani. Mama wakati ule alikuwa amepita miaka sabini, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kuchoka. Habari ya kwenda kwa miguu haikuwepo.

HOJA YA MDOGO WANGU

Habari zikaenea katika ukoo. Kabla ya mwezi kwisha akaja mtu mmoja anayekodi mikarafuu. Kwa wasiojua, kukodisha ni hivi: mwenye shamba hupewa fedha taslimu kabla ya mavuno, na mkodi huchukua karafuu zote za msimu. Mwenye fedha hukadiria kwa jicho la faida yake, na mwenye shida hukubali kwa jicho la shida yake. Yule bwana alitaka kutupa Sh 400,000. Mimi nilipoitazama mikarafuu ilivyotoa matumba, niliona haitatoa chini ya kilo 50 kavu. Wakati ule Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilinunua kilo moja ya daraja la kwanza kwa Sh 14,000. Kilo 50 ni Sh 700,000. Basi yule bwana alitaka tumwachie Sh 300,000 kwa sababu tu ya haraka yetu.

Mdogo wangu alitaka tukubali. Akasema tukodishe msimu huu, na uliobaki tukope, mama aende Juni hiyo hiyo inayokuja. Neno lake lilinichoma. Alisema, “Kaka, fedha ikipotea hurudi. Mama akiondoka harudi. Je, akifa tukiwa bado twahesabu sarafu?”

Ndugu wasomaji, hoja ile si ya mjinga. Nililala nayo usiku kucha, na hata leo siwezi kusema kwamba ilikuwa hoja tupu. Ila asubuhi mama mwenyewe alituita sote wawili, akatuketisha kwenye jamvi, akasema, “Siendi kusali kwa Mashahidi hali wajukuu wangu wamelala na njaa nyumbani. Mkinipeleka kwa deni, kila hatua nitalisikia likinifuata nyuma. Nitangoja. Mungu akipenda nitafika, na asipopenda, nia yangu anaijua.” Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa Sh 2,000 alizopata kwa kuuza ukili, akaniwekea mkononi. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya kwanza ya safari.

JIRANI YETU HAJI

Wakati huo nilikwenda kwa jirani yetu, mzee Mwislamu aliyekwisha kuhiji Makka. Nilimwuliza alipataje fedha ile, maana shamba lake halikuwa kubwa. Akaniambia alikusanya miaka kumi na mmoja. Akanieleza kwamba katika dini yao Hija humlazimu mwenye uwezo, na uwezo huo si nauli peke yake. Ni lazima awaachie watu wa nyumbani chakula cha kuwatosha mpaka arudi, na madeni ya watu ayalipe kwanza. Akasema, “Anayewaacha wanawe wakiomba chumvi kwa jirani, huyo uwezo hajaupata.”

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili liliwahi kusumbua nchi nzima. Huko Malaysia wakulima walikuwa wakiweka fedha za Hija nyumbani, chini ya godoro au ndani ya mtungi, na wengine waliuza mashamba na nyati zao wapate kwenda. Walirudi wakiitwa mahaji, lakini hawana pa kulima. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi aitwaye Ungku Aziz alitoa shauri la kuwawezesha kuweka akiba kidogo kidogo kwa njia salama isiyo na riba. Mwaka 1963 likaanzishwa shirika la kazi hiyo, ambalo leo hujulikana kwa jina la Tabung Haji. Nasi Wakristo twaweza kuchukua fundisho hapo bila aibu. Bwana wetu mwenyewe alifundisha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama, asije akashindwa katikati na kuchekwa na wapita njia.

TULIVYOHESABU

Basi tukakaa, tukaandika katika daftari la mtoto wa shule. Gharama za safari ni nyingi kuliko nauli, na anayehesabu nauli peke yake hukwama. Kwa watu wawili tuliandika hivi: pasipoti Sh 100,000, chanjo, picha na nauli za kwenda maofisini Sh 60,000, meli kutoka Pemba hadi Unguja na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, Sh 240,000, basi la kikundi cha mahujaji kutoka Dar es Salaam, kwenda na kurudi, Sh 560,000, chakula na malazi Sh 250,000, sadaka na zawadi Sh 80,000, na fedha ya dharura Sh 250,000. Jumla ikawa Sh 1,540,000. Nauli hizo ni za miaka ile, msizishike kama za leo.

Mke wangu alipoiona jumla ile alinyamaza. Kisha akauliza neno lililokuwa la maana kuliko yote: “Na sisi tutakaobaki tutakula nini?” Tukaandika ukurasa wa pili, wa nyumba: mchele, mafuta ya taa, sare na madaftari ya watoto. Tukaapa kwamba ukurasa wa pili hautaguswa kwa ajili ya ukurasa wa kwanza.

Njia za kukusanya zilikuwa tatu. Kwanza, kila Jumamosi tuliweka Sh 5,000 ya nyumba nzima. Fedha hii ilitoka katika vitu vidogo: soda ya kila jioni, maneno marefu ya simuni, nauli ya gari pale ambapo miguu ingeweza kufika. Sh 5,000 kwa juma ni Sh 260,000 kwa mwaka. Waliosema bandu bandu humaliza gogo walisema kweli, maana ndivyo fedha inavyokwisha, na ndivyo pia inavyoweza kukusanyika.

Pili, katika kila msimu wa karafuu tuliweka theluthi moja ya fedha ya mauzo, wala si zaidi. Mkulima wa karafuu anajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka mmoja, miwili inayofuata hukupa kidogo. Anayepanga safari kwa kutazama mwaka mmoja mzuri anajidanganya. Tulichuma wenyewe, mimi na mdogo wangu na watoto wakubwa, tukazichambua makonyo jioni, tukazianika vizuri juani juu ya majamvi ili zipate daraja la kwanza. Karafuu iliyoingia mvua au kuanikwa chini hushuka daraja, na fedha yako hushuka nayo. Huko ndiko kuweka akiba ambako watu hawakutazami: kutopoteza kile ulicho nacho tayari.

Tatu, mama alisuka ukili na mikeka, akauza.

Na fedha hizo ziwekwe wapi? Mwanzo tulikuwa na kibubu. Kibubu ni kizuri kwa juma moja au mawili, lakini nyumba ya shamba ina wageni, ina wagonjwa, ina misiba, na kila mmoja ajua kibubu kilipo. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tuliipeleka fedha benki, katika hesabu iliyohitaji sahihi mbili, yangu na ya mdogo wangu. Hapa visiwani tuna Benki ya Watu wa Zanzibar tangu mwaka 1966, na siku hizi benki nyingine zipo pia. Nilimchagua mdogo wangu kwa makusudi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na haraka. Mwenye haraka akipewa ufunguo mmoja hujifunza kungoja, na asiye na haraka hujifunza kutochelewa.

MWAKA MBAYA

Msimu wa 2016 tuliuza kilo 60. Tulifurahi. Msimu wa 2017 tukapata kilo 25 tu. Na wakati wa masika ya mwaka huo huo mama aliugua kifua, akalala majuma matatu. Usiku mmoja alipumua kwa shida hata tukamwita katekista. Mdogo wangu alisimama mlangoni, akanitazama. Hakusema neno, wala hakuwa na haja ya kusema. Nami nilijua anafikiri nini: tungekodisha, mama angekuwa amekwisha kwenda na kurudi.

Mungu alimwinua. Alipopata nguvu ya kuketi, kitu cha kwanza alichoomba ni miyaa yake ya kusukia.

Kisha mwanzoni mwa mwaka 2018 pasipoti za zamani za Sh 50,000 zikaanza kubadilishwa, zikaja za kielektroniki za Sh 150,000. Kwa watu wawili ikawa Sh 300,000 badala ya 100,000, na jumla yetu ikapanda hadi Sh 1,740,000. Hapo nilikwenda ofisi ya Uhamiaji kuuliza, na kuuliza huko kulitupunguzia mzigo. Niliambiwa kwamba kwa safari ya nchi jirani kama Uganda mtu anaweza kuchukua hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ada yake ni ndogo sana. Pasipoti hudumu miaka kumi. Mama akacheka akasema, “Miaka kumi yote hiyo niende wapi?” Basi yeye akachukua hati, mimi nikachukua pasipoti. Tena raia wa Tanzania aendaye Uganda halipi viza, maana nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wapo watu waliotozwa fedha na madalali kwa viza isiyohitajika. Ndugu, kauliza mwenyewe mlango wa ofisi. Kuuliza si gharama.

Kadhalika na chanjo ya homa ya manjano. Kadi yake huulizwa mpakani, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba chanjo moja yatosha maisha yote. Asiyejua hulipa mara ya pili. Itunze kadi ile kama cheti cha ubatizo.

Msimu wa 2018 mikarafuu ikatulipa: kilo 110. Jumla ya misimu mitatu ikawa kilo 195, yaani Sh 2,730,000, na theluthi yake ni Sh 910,000. Akiba ya Jumamosi kwa miaka mitatu ilikuwa Sh 780,000. Ukili na mikeka ya mama ilileta Sh 150,000. Jumla tulikuwa na Sh 1,840,000. Safari ilikuwa imekwisha kulipwa, na sisi tulikuwa bado hatujatoka mlangoni.

NJIANI

Nauli ya basi tulilipa kwa kikundi cha mahujaji cha parokia moja ya Dar es Salaam, kwa awamu nne, na kila awamu tulipewa stakabadhi. Nawasihi wasomaji, kikundi kisichotoa stakabadhi msikipe hata senti. Kwenda na kikundi kuna faida nyingi: basi hugawanywa kwa watu wengi, chakula hupikwa pamoja, na mzee haachwi nyuma.

Tuliondoka mwisho wa Mei. Kutoka Wete tulikwenda kwa gari hadi bandari ya Mkoani, tukapanda meli hadi Unguja, na nyingine hadi Dar es Salaam. Basi likapita Dodoma na Singida, likaendelea hadi Bukoba na mpaka wa Mutukula. Mama alichukua visheti, njugu na ndizi kavu, na chupa kubwa ya chai. Wenzetu walioshuka kula katika kila kituo walitumia njiani fedha ya siku tatu kwa siku moja. Sisi tulishuka kununua wali mara moja kwa siku tu.

Fedha tuliigawa tangu nyumbani. Nauli ya kurudi kutoka Dar es Salaam hadi Pemba ilishonwa ndani ya kitambaa, ikakaa kibindoni kwa mama, wala sikuwa na ruhusa ya kuiomba. Fedha ya dharura nilikuwa nayo mimi. Ya matumizi ilikuwa mfukoni, ya siku moja moja. Mtu akiwa na fedha zote katika mfuko mmoja, hujiona tajiri siku ya kwanza na maskini siku ya nne.

Pale Mutukula watu wengi huja na mabunda ya noti mkononi, wakikuita kaka na dada. Kiongozi wetu alikusanya fedha za wote, akabadilisha katika duka halali la fedha, mara moja tu, kwa sababu kila ukibadilisha unapunguza. Shilingi za Uganda ni nyingi kwa hesabu. Wakati ule kila 1,600 za kwao zilikuwa kama 1,000 zetu. Basi mtu hupata bunda nene akadhani ameongezewa, kisha huanza kugawa kama mfalme. Mama hakusoma sana, lakini alinitaka nimwandikie kijikaratasi: hii ya kwao ni hii ya kwetu. Alikishika mpaka siku ya kurudi, na kila akitajiwa bei alikitazama kwanza.

Tukapita Masaka, tukavuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, tukaingia Kampala, na kutoka hapo Namugongo si mbali. Katika siku zile vyumba karibu na mahali patakatifu huwa ghali. Sisi tulilala chini ya turubai pamoja na wenzetu, juu ya mkeka ambao mama aliusuka mwenyewe Pemba. Hakuna aliyetutoza kwa mkeka huo. Wengine walinunua mikeka pale pale, mibaya kuliko wetu.

Tarehe 3 Juni mama aliketi juu ya mkeka wake katikati ya watu wasiohesabika. Sitasimulia Misa ile, maana wengi mmeisikia. Nasema hili tu: nilimtazama usoni, nikaona uso wa mtu asiyedaiwa.

ZAWADI

Kuna shimo moja ambalo wasafiri wengi hulitumbukia karibu na nyumbani, nalo ni zawadi. Ukiondoka, kijiji kizima hukuaga, na kila anayekuaga hutaja kitu. Mama alilikata jambo hili mapema. Alisema mbele ya watu, “Nitawaletea maombi na maji ya Namugongo.” Alinunua rozari moja kwa kila nyumba ya ukoo, na mimi nikanunua Bukoba kahawa kidogo kwa jirani yetu haji, maana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Zawadi zote na sadaka hazikupita Sh 80,000. Hakuna aliyenuna, au kama yupo, amekwisha kununuka.

Njiani kurudi miguu ya mama ilivimba, tukanunua dawa na kulala usiku mmoja zaidi Dar es Salaam. Hiyo ilichukua Sh 70,000 ya dharura. Kama fedha ile isingekuwepo, tungekuwa tunapiga simu nyumbani kuomba, na mke wangu angeufungua ukurasa wa pili. Haukufunguliwa. Tulipofika Wete tulikuwa bado na Sh 180,000 za dharura mkononi, na nyingine kidogo benki. Mdogo wangu ndiye aliyekuja kutupokea bandarini Mkoani. Alichukua mkeka wa mama, akautia begani, akasema, “Umerudi mzima, Mama, na mikarafuu yako ipo.”

Mama alifariki mwaka 2022. Katika matanga watu walikuja kwa wingi, Wakristo na Waislamu. Desturi yetu ni kuuliza kama marehemu aliacha deni, ili wenye haki zao wajitokeze. Tuliuliza mara tatu. Hakujitokeza mtu.

NENO LA MWISHO

Sijui ninyi mnaosoma mna nia ya kwenda wapi. Mwingine ataka kwenda Namugongo, mwingine kumwona ndugu yake Mombasa, mwingine ana mtoto anayetaka kwenda kutafuta kazi Arabuni. Safari ndefu na fupi zafuata sheria moja. Andikeni ukurasa wa safari na ukurasa wa nyumba. Wekeni kila juma, hata kama ni kidogo. Msiuze mazao yakiwa mtini. Ulizeni ofisini wenyewe. Shikeni nauli ya kurudi kabla ya nauli ya kwenda.

Na kama katika nyumba yenu kuna mzee mwenye hamu ya safari, msimfiche hesabu kwa kudhani mnamhurumia. Mpeni daftari alione. Pengine yeye ndiye atakayeweka sarafu ya kwanza, na pengine ndiye mwenye subira kuliko ninyi nyote. Wala msichelewe kuanza: Jumamosi hii ni Jumamosi kama nyingine.